Sura ya 7: Chupa ya Maji Chini ya Boneti

"Mwalimu, hebu niambie ukweli. Hii kitu inafanya kazi ama nimeliwa?"

Aliyeniuliza alikuwa dereva wa Probox anayebeba abiria na mizigo kati ya Meru na Embu. Tulikuwa kwenye gereji ya jua kali karibu na soko la Gakoromone, boneti iko wazi, injini inanguruma. Kando ya betri palifungwa chupa nene ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na vibati vya chuma vilivyopangana kama kurasa za kitabu, vimezama kwenye maji ya rangi ya strungi nyepesi. Waya nyekundu na nyeusi zilitoka kwenye betri zikaingia kwenye kifuniko. Mapovu madogo yalipanda bila kukoma, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na gesi yake ikapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye bomba linalopeleka hewa ndani ya injini.

Aliyemuuzia alimwahidi kwamba gari litakunywa nusu ya petroli. Pesa alizolipa zingemtosha mafuta ya siku kadhaa.

Sioni ajabu kwamba alishawishika. Tarehe 14 ya kila mwezi madereva husubiri tangazo la EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, kama mtahiniwa anavyosubiri matokeo. Septemba 2023 lita moja ya petroli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200 na kufika 211.64. Mwezi uliofuata ikawa 217.36. Mtu anayeishi kwa kuzungusha usukani akisikia kwamba maji ya mfereji yanaweza kumpunguzia mzigo huo, lazima asimame asikilize.

Nilimjibu kwamba chupa ile haipunguzi mafuta hata kidogo, na kwamba kwa kweli inayaongeza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali lililonifanya niandike sura hii: "Na Masinga je? Kama maji yanawasha taa mpaka Nairobi, yatashindwaje na Probox?"

Maji ya Tana hupata wapi nguvu zake

Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kusikia. Wakazi wa Embu, hasa upande wa Mbeere, wanaishi jirani na mabwawa matano makubwa ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968. Gitaru, lenye uwezo wa megawati 225, ndilo kubwa kuliko vituo vyote vya umeme wa maji nchini. Mtu aliyekua akiona nyaya nene zikitoka hapo kwenda Nairobi ana haki ya kuamini kwamba maji yana kawi, yaani uwezo wa kufanya kazi.

Lakini tazama kinachotokea kwa maji hayo. Yanaingia kwenye mitambo ya Masinga, yanaizungusha, kisha yanatoka yakiwa maji yaleyale. Hakuna tone lililoungua. Yanateremka hadi Kamburu na kuzungusha tena, halafu Gitaru, halafu Kindaruma, halafu Kiambere. Kama maji yenyewe ndiyo yangekuwa mafuta, bwawa la pili lingepokea mabaki tu.

Kinachotumika pale ni kimo. Jua hupasha moto bahari na nchi kavu, mvuke hupanda, mawingu hugonga Mlima Kenya na Nyandarua, mvua hunyesha, na mito kama Rupingazi na Thiba huteremsha maji hadi Tana. Jua ndilo lililobeba mzigo hadi juu, na sisi tunavuna wakati unaposhuka. Siku maji yakifika Bahari ya Hindi, nguvu za safari ile huwa zimekwisha, hata kama maji yenyewe ni mengi kupita kiasi.

Chupa iliyo chini ya boneti haiko juu ya kitu chochote. Maji yake hayaendi kokote.

Jivu halishiki moto

Muuzaji ana jibu hapa. Atasema kwamba yeye hazungumzii maji yanayoteremka. Anazungumzia haidrojeni, gesi nyepesi iliyomo ndani ya maji, ambayo huungua kwa moto mkali. Na ni kweli, maji yameundwa kwa haidrojeni na oksijeni, na haidrojeni huungua vizuri sana.

Tatizo ni kwamba maji ndiyo kinachobaki haidrojeni ikishaungua. Choma haidrojeni, na unachopata ni joto na maji. Kwa hiyo maji ni jivu la haidrojeni, kama vile lile la kijivu linalobaki kwenye jiko ni jivu la makaa. Hakuna mama wa Chuka wala wa Runyenjes anayezoa jivu la jana akijaribu kuchemshia githeri ya leo. Joto lilikwisha kutoka.

Inawezekana kulirudisha jivu hili la maji kuwa haidrojeni. Njia yake huitwa elektrolisisi, yaani kutenganisha maji kwa kutumia umeme, na unaweza kuiona jikoni kwako. Chukua glasi ya maji, koroga magadi kidogo, yale yale ya kulainishia mahindi na maharagwe, ili maji yapitishe umeme vizuri. Usitumie chumvi, kwa maana hutoa gesi ya klorini ambayo ni sumu. Fungua dirisha, usiwe karibu na moto. Chovya ncha mbili za waya zilizounganishwa na betri ndogo ya volti 9, usiziache zigusane. Baada ya muda mfupi utaona mapovu kwenye kila ncha. Tazama kwa makini: upande wa hasi mapovu ni mengi, karibu mara mbili ya upande wa chanya. Hayo mengi ni haidrojeni, na yale machache ni oksijeni.

Sasa chomoa waya mmoja kwenye betri. Mapovu yanakatika papo hapo. Maji bado yapo, magadi bado yapo. Kilichoondoka ni umeme, na umeme ndio uliokuwa ukilipa gharama.

Kwa ufupi hadi hapa: maji hayana kawi ya kuungua. Yanaweza kugeuzwa kuwa gesi inayoungua, lakini lazima kitu kingine kilipe kwanza, na malipo hayo hayawezi kuwa madogo kuliko joto utakalopata gesi hiyo ikirudi kuwa maji.

Mia inarudi nane

Ndani ya gari, nani analipa? Waya zinatoka kwenye betri. Betri hujazwa na altaneta, mtambo mdogo wa umeme unaozungushwa na mkanda wa injini. Injini inazungushwa na petroli. Ukifuata njia hiyo hatua kwa hatua, unarudi kwenye tanki lile lile uliloanza nalo.

Tufanye hesabu kwa shilingi, maana ndiyo lugha ya stendi. Weka petroli ya shilingi 100. Injini ya petroli hugeuza takriban robo yake kuwa nguvu za kuzungusha. Zile nyingine hutoka kama joto kwenye rejeta na eksozi. Tumebaki na 25. Altaneta ikipokea 25 hiyo huitoa ikiwa umeme wa kama 14, kwa sababu mkanda, beringi na nyaya navyo hula. Chupa ikipokea 14 huitoa ikiwa gesi yenye thamani ya kama 8, na iliyobaki hupasha maji moto. Ndiyo maana chupa ile huwa ya moto ukiigusa baada ya safari.

Kwa hiyo umenunua mafuta ya shilingi nane kwa shilingi mia. Chupa nzuri zaidi inaweza kukupa kumi. Hakuna fundi, awe wa Gakoromone au wa Ujerumani, anayeweza kuifanya ikupe mia na moja. Si suala la ujuzi wake. Kila hatua hukata kodi yake, na safari nzima inaanzia na kuishia kwenye tanki moja.

Hapo dereva wangu akaleta hoja ambayo wauzaji hodari huitumia wakishabanwa: kwamba gesi ile haileti nguvu zake yenyewe, bali husaidia petroli kuungua yote badala ya kutoka bure kwenye eksozi. Hoja hii inasikika vizuri. Lakini injini ya sindano, yaani ile inayopuliziwa petroli kwa vipimo vya kompyuta, kama zilivyo karibu zote zinazokuja kutoka Japani siku hizi, ikiwa nzima huchoma karibu petroli yote inayoingia. Ile robo tatu inayopotea hupotea kama joto la petroli ambayo imekwisha kuungua. Hakuna hazina ya petroli mbichi pale nyuma inayosubiri kuokolewa.

Tena tazama vipimo. Injini ya Probox ya lita 1.5 ikizunguka mara 2,500 kwa dakika huvuta hewa ya karibu lita 1,000 kila dakika kwenye mwendo wa kawaida. Chupa ikipewa umeme wa kutosha hutoa lita moja hivi ya gesi kwa dakika.

Kwa nini dereva anaapa kwamba imemsaidia

Nimekutana na madereva wanaoapa, na siwaiti waongo. Wengi wao waliona kitu. Shida iko kwenye walichokipima.

Chukua safari ya Nairobi na Embu. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, Embu karibu mita 1,350. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likipandishwa hizo mita 450 kwenda Nairobi hudai karibu lita 0.8 ya ziada kwa ajili ya kimo peke yake. Likirudi Embu, sehemu ya kimo hicho linarudishiwa. Sasa mtu akifungiwa chupa Nairobi, akaendesha hadi Embu, akalinganisha na jana yake alipokuwa akipanda, atashuka garini akishangilia. Amesaidiwa na mteremko, na sifa zikaenda kwa chupa.

Halafu kuna mguu. Mtu aliyetoka kulipa pesa nyingi ili aokoe mafuta huendesha kama mtu anayeokoa mafuta. Hakanyagi kwa hasira, hafungi breki dakika ya mwisho, halipiti lori kwenye kona. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 ziliwawekea matatu, hadi kilomita 120, hewa hulirudisha gari nyuma kwa nguvu mara 2.25. Dereva wa miraa anayetoka Maua akikimbizana na ndege ya uwanja wa Wilson jijini Nairobi kabla majani hayajanyauka anajua jinsi tanki linavyokauka. Mweke dereva huyo kwenye 80 kwa wiki moja, na ukitaka mfungie chupa ya chai ya maziwa. Mafuta yatapungua.

Mara nyingi pia fundi anayefunga chupa hubadilisha plagi, husafisha kichujio cha hewa na kujaza upepo wa tairi, kazi ambazo gari lilizihitaji tangu mwaka jana. Hizo ndizo zilizookoa mafuta. Na wengi hawahesabu lita kabisa. Huhesabu shilingi, na mwezi ambao EPRA imeshusha bei, kila kifaa kilichofungwa mwezi huo huwa kimefanya kazi.

Chupa hii si salama

Laiti ingekuwa hasara ya pesa tu. Mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni unaotoka humo hulipuka kwa cheche ndogo, na chini ya boneti cheche hazikosekani. Wengine hutia kwenye maji magadi makali ya kuunguza, ambayo yakikurukia machoni yanaweza kukupofusha. Altaneta inayobebeshwa mzigo usiokuwa wake huchoka mapema.

Kibaya zaidi ni kile kisanduku kidogo ambacho baadhi ya wauzaji hukifunga pamoja na chupa. Kazi yake ni kuidanganya sensa ya oksijeni, kifaa kilicho kwenye eksozi kinachoiambia kompyuta kama petroli ni nyingi au kidogo. Kompyuta ikidanganywa hupunguza petroli kuliko inavyofaa. Hapo gari linaweza kweli kuonekana limeokoa kidogo, lakini injini hupoteza nguvu, hupata moto kupita kiasi, na valvu zinaweza kuungua. Bei ya kufungua injini unaijua.

Ahadi ya zamani

Ahadi hii haikuzaliwa Meru wala Embu. Marekani, tangu bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, shirika la serikali la kulinda mazingira limechunguza zaidi ya vifaa 100 vilivyodaiwa kuokoa petroli. Vilivyosaidia ni vichache mno, navyo kwa kiasi kidogo. Huko huko, katika jimbo la Ohio, Stanley Meyer alidai ana gari linalotembea kwa maji. Mwaka 1996 wataalamu walikichunguza kifaa chake mbele ya mahakama na kukuta elektrolisisi ya kawaida. Mahakama iliamua kwamba alikuwa amewalaghai wawekezaji wawili na ikamwamuru awarudishie dola 25,000. Nchini Ufilipino, Daniel Dingel alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 82, kwa kuchukua pesa za watu kwa madai kama hayo.

Lipo jambo moja la kweli linalofanana na hili, na haki yake ipewe. Ndege za kivita za Vita vya Pili vya Dunia zilipuliziwa maji ndani ya injini wakati wa kupaa au kufukuzana, na BMW ilirudia ufundi huo kwenye gari lake la M4 GTS mwaka 2016. Pale maji hupoza hewa iliyogandamizwa ili injini isigonge ikibanwa sana. Maji yanafanya kazi ya rejeta. Petroli inabaki kuwa petroli.

Pima mwenyewe

Usiniamini kwa sababu niliwahi kufundisha fizikia. Pima, lakini upime hivi:

- Jaza tanki hadi pampu ijikate yenyewe, na usiongeze hata kidogo. Rudisha mita ya safari kwenye sufuri.
- Nenda na urudi kwa njia ile ile, uishie kwenye pampu ile ile. Safari ya upande mmoja haihesabiki, kwa sababu ya vilima.
- Pima upepo wa tairi kabla ya kila safari, na mzigo uwe sawa.
- Rudia mara tatu chupa ikiwa imewashwa na mara tatu ikiwa imezimwa, kisha ugawe kilomita kwa lita.
- Mtu mwingine ndiye awashe au azime swichi, iliyofichwa, na dereva asiambiwe mpaka mwisho.

Kipengele cha mwisho ndicho ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kukikubali. Mguu ukijua siri, kipimo kimeharibika.

Mteremko wa Nithi

Dereva wangu hakuhitaji safari sita. Alimwambia fundi aichomoe chupa siku hiyo hiyo, lakini akanishika mkono. "Sawa, Mwalimu. Umenitolea dawa ya uwongo. Sasa nipe ya kweli."

Nikamuuliza huwa anafanya nini akiteremka kwenda daraja la Nithi. Barabara ya Meru na Embu hukata mabonde kama vidole vya mkono, moja baada ya jingine, na bonde la Nithi limekula watu wengi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na abiria zaidi ya 30 wakafa. Akanijibu bila aibu kwamba huweka huru, yaani hutoa gia, gari likajiendea lenyewe ili asitumie petroli. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha.

Mafunzo hayo yalikuwa na maana enzi za karabureta. Kwenye injini ya sindano ni kinyume. Ukiwa huru, kompyuta lazima iendelee kupulizia petroli ili injini isizime. Ukiwa kwenye gia na mguu umeuondoa kabisa kwenye akseleta, magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hufunga sindano kabisa. Mafuta yanayotumika ni sufuri, mpaka mzunguko ushuke karibu na ule wa gari likiwa limesimama. Tena injini hulishika gari, na breki hazipati moto hadi zikakataa. Kwa gari la otomatiki, liache kwenye D au gia ya chini zaidi, usiguse N.

Wiki iliyofuata nilipanda gari lake kwenda Embu, nikakaa mbele. Tulipofika ukingo wa bonde alipunguza mwendo mapema, akaingiza gia ya tatu, akainua mguu. Injini ilipandisha sauti, ile sauti inayowatisha abiria wakidhani mafuta yanaungua bure, na mama mmoja nyuma akauliza kuna nini. Hakuna tone lililokuwa likiungua. Gari zima, pamoja na watu, magunia ya viazi na ndizi za Nkubu, lilikuwa likisukumwa na kimo ambacho petroli ilikwisha kukilipia kule juu, likishuka kuelekea mtoni kama maji yanavyoshuka Masinga.